Faida ya Kujua

Swali ninalotaka kulijadili hapa ni la zamani kuliko shule zetu. Mtu anayenunua kitu kwa bei nafuu mahali pamoja, akakiuza kwa bei kubwa mahali pengine, wala asikiongezee chochote, je, faida yake ni ya haki? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la swali hili, tena nililitoa darasani kwa sauti kubwa. Kilichonirudisha kwenye swali hilo uzeeni, nikiwa nimekwisha kustaafu na kupita miaka sabini, hakikuwa kitabu wala mahubiri. Ulikuwa ni mchezo wa kompyuta wa mjukuu wangu.

Kizazi chetu kiliingia chuo cha ualimu miaka michache baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tulifundishwa, nasi tukaenda kufundisha, kwamba mali ni tunda la jasho. Mkulima hutoa jasho shambani, mfanyakazi hutoa jasho kiwandani. Lakini yule anayesimama katikati yao akinunua na kuuza ni kupe, anayenenepa kwa damu ya ng'ombe asiyemlisha. Nilikuwa nikimchora kupe huyo ubaoni, na watoto walimpenda sana. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja kaskazini mwa Dodoma. Tulisikia habari za wenye maduka waliotupa vitambaa na sabuni vichakani usiku ili wasikutwe navyo. Sikuwahurumia. Niliona kupe wamebanduliwa.

Basi msomaji anaweza kukisia nilivyoshtuka nilipomkuta mjukuu wangu, kijana wa mwaka wa pili chuoni aliyekuja kukaa nami wakati wa likizo, akikesha kufanya ulanguzi ndani ya kompyuta.

Mchezo wenyewe unaitwa EVE Online. Ulianza Mei 2003, na waliouunda ni kampuni ya CCP ya mjini Reykjavik, nchini Iceland. Unachezwa kwa njia ya intaneti na watu wa mataifa mengi kwa wakati mmoja. Mchezaji hupewa chombo kidogo cha angani na fedha kidogo, kisha huachiwa ulimwengu wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000 ajitafutie riziki. Wapo wanaopigana, na vita vyao ndivyo vilivyoupa mchezo huo jina. Mjukuu wangu havutiwi na vita. Yeye huvutiwa na soko.

Na soko lile, nakiri, ni la kustaajabisha. Wachimbaji huvunja miamba inayoelea angani na kupata madini yenye majina kama Tritanium, Pyerite na Mexallon. Mafundi huyanunua madini hayo na kuunda vyombo na vifaa. Wapiganaji huvinunua vyombo hivyo wakaenda kuvivunja. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa imetengenezwa na wachezaji wenyewe, na kilichoteketea vitani hakirudi. Hakuna Tume ya Bei. Anayetaka kuuza huweka oda yake pamoja na bei anayoitaka; anayetaka kununua naye huweka yake; zikikutana, biashara imefanyika, na mchezo hukata ada ya udalali na kodi. Fedha yao huitwa ISK. Soko kuu liko mahali panapoitwa Jita, ambapo wachezaji walifuatana wenyewe kwa wenyewe mpaka pakawa Kariakoo yao. Mambo haya yalipata uzito kiasi kwamba mwaka 2007 kampuni ile iliajiri mtaalamu wa uchumi, Eyjólfur Guðmundsson, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Akureyri, kazi yake ikiwa kuuchunguza uchumi wa mchezo.

Jioni ya kwanza nilisimama nyuma ya kiti chake na kumhoji kama nilivyokuwa nikiwahoji wanafunzi.

"Madini hayo umeyachimba wewe?"

"Hapana, Babu. Nimeyanunua."

"Umeyasafisha?"

"Yalikuwa yamesafishwa tayari."

"Basi hiyo faida imetoka wapi?"

Alifikiri kidogo, akasema, "Imetoka safarini."

Nilikwenda kulala nikiwa na jibu hilo kichwani, na kesho yake nilivuta kiti nikakaa. Nilikaa hapo jioni nyingi. Nilianza hata kuandika katika daftari, kwa maana mwalimu hawezi kuelewa jambo mpaka aligawe katika vichwa vya habari. Mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa na vichwa vitatu: kubeba, kungoja, kujua. Niliona kwamba faida yote ya mjukuu wangu inatoka katika moja ya chemchemi hizi tatu, na kwamba hazifanani.

Nianze na kubeba. Katika mifumo ya mbali wachimbaji huuza madini chini ya bei ya Jita. Hawafanyi hivyo kwa ujinga. Bei ya Jita wanaijua. Lakini safari ni ndefu, na njiani wamo wanyang'anyi. Hata katika sehemu zinazolindwa, mnyang'anyi anaweza kukushambulia. Polisi wa mchezo watamwadhibu, ila mzigo wako hawakurudishii. Mchimbaji hupiga hesabu kwamba ni afadhali apate pungufu leo akaendelee kuchimba. Mjukuu wangu hununua, hubeba, na akifika salama huuza. Usiku mmoja hakufika salama. Chombo chake kililipuliwa pamoja na mzigo wote wa wiki mbili, akabaki ameshika kichwa. Mimi niliyemwita kupe ndiye niliyekwenda kumchemshia chai. Ng'ombe hajawahi kumwona kupe akipoteza kila kitu kwa ajili ya kumpelekea malisho. Nililifuta neno hilo katika daftari.

Kungoja nako kuna kazi yake. Yupo anayenunua madini wakati kila mtu anauza, akayaweka ghalani. Januari 2014 kulipiganwa vita mahali panapoitwa B-R5RB, vilivyodumu karibu saa 21. Vyombo 75 vya aina kubwa kuliko zote viliteketea, na hasara ya siku hiyo ilikadiriwa kufikia dola 300,000 za Marekani. Baada ya vita kama hivyo mafundi huhitaji madini mengi kwa haraka, na aliyeweka akiba ndiye anayewauzia. Amefunga mtaji wake kwa miezi bila kujua kama vita vitakuja. Sisi wakulima tunalifahamu hilo, kwani aliyejenga ghala imara alikula Februari, wakati jirani yake anaanza kukopa. Najua kwamba kungoja kunaweza kugeuka ukatili pale kinachofichwa ghalani ni chakula na walioko nje wana njaa. Lakini Tritanium hailiwi, na katika mchezo hakuna mtoto anayelala na njaa kwa sababu imepanda bei. Kwa hiyo kungoja nako nilikupa alama ya vema.

Kichwa cha tatu ndicho kilichonisumbua, na ili nikieleze yanipasa kukiri jambo. Kufikia wiki ya tatu sikuwa tena mtazamaji. Tangu Novemba 2016 mtu anaweza kuanza mchezo huo bila kulipa, na mjukuu wangu alinifungulia akaunti yangu. Mikono yangu ni mizito kwa kuendesha vyombo, hivyo alinipeleka kwenye kituo kimoja karibu na wanakoanzia wachezaji wapya, akanionyesha namna ya kuweka oda za kununua. Wageni wale hupigana na maharamia wa mchezo, huokota vifaa katika mabaki, na wengi hawajui thamani ya walichookota. Nilichagua vifaa kadhaa, nikaweka oda kwa bei ya chini sana, kama mvuvi anayetega ndoana nyingi na kwenda kulala.

Asubuhi moja nilikuta ndoana imenasa. Mtu alikuwa ameniuzia kwa ISK 150,000 kifaa ambacho Jita kilikuwa kinauzwa kwa zaidi ya 9,000,000. Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Mjukuu wangu alikuja mbio, akaona, akanipa mkono. Daftari la mchezo huonyesha jina la aliyeuza, naye akalifungua kuangalia ni nani. "Ana siku nne tu tangu aanze," alisema huku akicheka.

Sikucheka. Nilisikia kitu tumboni ambacho nilikuwa sijakisikia kwa miaka mingi, nami nilikitambua.

Nikamwambia tumrudishie. Yeye alikataa, na kwa kuwa ni kijana mwenye akili, alikataa kwa hoja. Nitazieleza hoja zake kwa haki, maana si za kijinga.

Kwanza, alisema, hakuna aliyemlazimisha yule mtu. Pili, bei haikufichwa. Mchezaji anapotaka kuuza, mchezo humwonyesha, tena kwa rangi nyekundu, kwamba bei aliyopewa iko chini ya wastani wa eneo lile. Angeweza kuangalia oda nyingine, hakuangalia. Tatu, huu ni mchezo, na sheria zake zinaruhusu mambo makubwa kuliko hayo. Akanikumbusha kisa cha mwaka 2006, pale mchezaji aliyeendesha benki ya wachezaji alipotoroka na mamia ya mabilioni ya ISK za watu waliomwamini, na kampuni haikuingilia kati kwa sababu hakuvunja sheria ya mchezo. Nne, na hii ndiyo hoja iliyonichoma, alisema: "Babu, huenda yeye mwenyewe amefurahi. Alikuwa hana kitu, sasa ana laki na nusu."

Hoja ya kwanza haikunizuia sana. Mengi mabaya hufanyika bila mtu kulazimishwa. Ya pili ilinipa kazi zaidi, lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu anajua kwamba kilichoandikwa ubaoni si lazima kiwe kimeingia kichwani. Rangi nyekundu huonya yule aliyekwisha kufundishwa maana yake. Mtu wa siku nne ameonyeshwa rangi na tarakimu nyingi kwa mara moja, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyekabidhiwa gazeti. Nami ndoana zangu sikuzitega Jita, walipo wajuzi. Nilizitega kwa makusudi mahali ambapo wasiojua ni wengi. Tendo hilo lilitosha kunishtaki.

Kuhusu hoja kwamba ni mchezo tu, nilimtajia bao. Katika bao naweza kumghilibu mwenzangu, nimwache adhani naenda kushoto nami nakwenda kulia, na hakuna atakayesema nimemwibia. Lakini aliyeketi upande wa pili wa bao anajua kwamba amekuja kughilibiwa. Ikiwa nimemketisha mtoto ambaye anadhani kete ni za kuhesabia, nikamshinda, nimecheza nini? Tena ISK zile hazikuanguka kutoka mbinguni. Kila moja ni dakika za mtu. Ndiyo sababu tangu mwaka 2008 upo utaratibu ambao mchezaji anaweza kutoa fedha halisi na kupata kitu kiitwacho PLEX, akakiuza kwa mwingine kwa ISK. Na yule mwingine hukitumia kulipia muda wake wa kucheza. Watu wasingebadilishana hivyo kama ISK zingekuwa upuuzi mtupu. Mgeni wangu wa siku nne alikuwa ametumia jioni yake kupata kifaa kile, na thamani ya jioni ile nilikuwa nayo mimi.

Hoja ya nne sikuijibu. Nilizima kompyuta nikatoka nje, nikaenda kukaa karibu na jiko la uani. Jiko hilo limeezekwa kwa mabati 12. Sasa nitaeleza yalikotoka, jambo ambalo sijapata kumweleza mtu yeyote.

Mwaka 1985 biashara za watu binafsi zilikuwa zimeanza kulegezwa. Mimi nilikuwa bado pale kijijini, na kila mwisho wa mwezi nilisafiri kwenda mjini kuchukua mishahara ya walimu. Safari moja, nikingojea zamu yangu, niliwasikia watu wakizungumza kwamba gunia la karanga limekaribia kufika mara mbili ya bei ya kijijini kwetu. Nilirudi Ijumaa. Basi lililofuata lingefika Jumanne, na habari zingekuja nalo. Nilikuwa na siku tatu za kujua peke yangu.

Jumamosi nilikwenda kwa mama mmoja mjane, mzazi wa mwanafunzi wangu. Alikuwa na magunia manne. Nilimwuliza kama atauza, akasema kama ni mwalimu anayehitaji, atauza. Nikamlipa bei ya kijiji, taslimu, bila kupunguza hata senti. Alihesabu fedha, akanishukuru kwa kumwondolea taabu ya kutafuta mnunuzi. Aliniita "mwanangu", kama alivyozoea, na akanisindikiza mpaka barabarani na mayai sita ndani ya kikapu. Jumatatu niliyapakia magunia kwenye lori. Jumanne basi likafika.

Hakuja kulalamika. Nilipokutana naye njiani nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Akaendelea kuitikia hivyo kwa miaka yote niliyobaki pale. Neno "mwanangu" sikulisikia tena kinywani mwake. Kwa faida ya magunia yale nilinunua mabati, yakahama pamoja nami kutoka nyumba hadi nyumba. Na kupe niliendelea kumchora ubaoni.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu la hoja ya nne kwa miaka arobaini, ila sikutaka kulitumia. Furaha ya aliyepunjwa si ushahidi wa haki. Yule mama alifurahi Jumamosi kwa sababu ya lile lile asilolijua, na nililolijua mimi. Shukrani zake zilikuwa sehemu ya faida yangu, na mayai pia.

Nimekuwa nikijiuliza kama najidai mno. Wapo wenye busara waliolitazama jambo hili kabla yetu. Cicero wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristo, alimwandikia mwanawe aliyekuwa masomoni Athens kitabu kuhusu wajibu, na humo akaweka fumbo. Mfanyabiashara anatoka Alexandria na shehena ya nafaka kwenda Rhodes, ambako kuna njaa na bei ni kubwa sana. Njiani ameziona meli nyingine zenye nafaka zikielekea huko huko. Akifika, je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, anasema kutosema si kudanganya. Mwanafunzi, Antipater, anasema binadamu ni ndugu, na ndugu hamfichi nduguye linalomhusu. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater.

Na hatuhitaji kwenda Roma. Shuleni kwetu alikuwa akija sheikh mmoja kufundisha dini, na katika mazungumzo ya mapumziko alinieleza kwamba Mtume Muhammad alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua bidhaa kabla wenye mali hawajafika sokoni. Akaongeza jambo ambalo sikulisahau: ikiwa mtu amekwisha kununua kwa namna hiyo, mwenye mali akifika sokoni na kuijua bei ana hiari ya kuuvunja mkataba. Nilipoelezwa hayo mabati yalikuwa tayari juu ya jiko langu. Nilisema tu kwamba ni sheria nzuri.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba Antipater amemaliza kila kitu. Mjukuu wangu alinibana hapo, na alikuwa na haki. Kama kila ajuaye bei analazimika kuitangaza kabla hajanunua, nani atajisumbua kwenda kuitafuta? Ni kweli kwamba bila wanaotafuta habari za bei, karanga zingebaki kijijini na mji ungezikosa. Kujua ni kazi pia. Mjukuu wangu hutumia saa nyingi akilinganisha bei za masoko, akichora chati, akikisia vita vitazuka wapi. Hiyo ni elimu aliyoitolea jasho, na sioni kwa nini isimlipe.

Basi mpaka uko wapi? Nimefikia kipimo kimoja, nami nakitoa kwa msomaji akipime mwenyewe. Nakiita kipimo cha Jumanne. Jiulize: siku basi litakapofika, aliyekuuzia akajua yote uliyoyajua wewe, atasemaje? Mchimbaji wa mbali akisikia kwamba mjukuu wangu amepata faida Jita, atasema, "Ni haki yake, mimi nisingekubali safari ile." Aliyeuza madini kabla ya vita atasema, "Amebahatisha, na angeweza kupata hasara." Hao wanabaki wakisalimiana. Lakini yule ambaye siku akijua atanyamaza, na kubadili jina alilokuwa akikuitia, huyo hukufanya naye biashara. Ulichukua kitu chake akiwa amelala.

Na katika kesi yangu kulikuwa na jambo zito zaidi, ambalo mchuuzi wa kawaida hana. Yule mama hakulinganisha bei kwa sababu aliyekuja alikuwa mwalimu. Nilikuwa nimepelekwa kijijini pale, na kulipwa mshahara, ili watu wajue zaidi. Nami nilipata faida kwa sababu hawakujua. Mlanguzi aliyetupa sabuni kichakani mwaka 1983 hakuwa amewaahidi wateja wake kitu. Mimi nilikuwa nimeahidi. Ni hapo ninapojiona mdogo mbele ya watu niliowadharau.

Jioni ile nilimsimulia mjukuu wangu habari ya karanga. Alisikiliza mpaka mwisho, akayatazama mabati, akaniuliza swali moja tu: "Ulimrudishia, Babu?" Nikamwambia hapana. Hakusema neno. Alikwenda kuwasha kompyuta, akamwandikia barua yule mgeni ndani ya mchezo, kwa jina langu. Tulimweleza bei ya kifaa chake, tukampa hiari: akichukue kwa bei ileile tuliyomlipa, au tukiuze Jita tumpelekee kilichozidi baada ya ada na kodi, sisi tubakize malipo ya kubeba.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Alikuwa ameshangaa, kwani hakujua kwamba ameuza vibaya. Laki na nusu ile alikuwa ameitumia na kuifurahia. Alichagua tukiuze. Kisha akauliza: ile rangi nyekundu ina maana gani? Mjukuu wangu alicheka, akaketi, akamwandikia somo refu kuhusu kusoma soko, hatua kwa hatua, kwa uvumilivu ambao sikujua anao. Nilimsomea juu ya bega. Lilikuwa somo zuri, na sikuwa na la kusahihisha.

Mimi niliondoa ndoana zangu kituoni. Siku hizi hununua madini kwa wachimbaji wanaojua bei na kuyapeleka Jita polepole. Nimekwisha kulipuliwa mara mbili.

Yule mama mjane alifariki zamani. Binti yake, niliyemfundisha kusoma, yupo Dodoma, na nimeambiwa ana meza ya nafaka sokoni. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba deni la karanga limekufa na mwenyewe, na kwamba kufukua jambo la 1985 ni kumsumbua mtu bure. Nadhani hizo zilikuwa hoja za mwenye mabati. Nimekwisha kupiga hesabu: magunia manne, tofauti ya bei ya wiki ile, na thamani ya vitu hivyo kwa karanga za leo. Mjukuu wangu atanisindikiza. Nitamweleza binti yule bei niliyoisikia mjini Ijumaa ile, nimwambie kwamba mama yake hakuijua, kisha nimwachie hiari aamue mwenyewe linalompendeza. Kama hatapokea kitu, itakuwa haki yake. Kama ataniitikia "Marahaba, mwalimu" kama mama yake, hiyo nayo itakuwa haki yake.